Vitabu Vitatu na Hatua Mia Mbili

Kijiji chote cha Kiruruma humwita Mesye. Jina lake la ubatizo ni Protase na kazi yake ni useremala, lakini ukimwita Protase njiani anaweza kukupita, kwa kuwa hajalisikia siku nyingi. Hilo la Mesye alipewa na mwanamke mmoja kwa heshima, sisi wengine tukalidaka kwa kejeli, kejeli ikaisha na jina likabaki. Mimi naitwa Kokugonza. Nimeolewa ng'ambo ya njia, mlango wangu unatazamana na karakana yake, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimemwona akitoka na kuingia. Watu wakinisimulia habari za Mesye huwa nawaacha wamalize, kisha nawaambia hawajui kitu.

Ni mtu mgumu. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana nampamba. Mkewe alifariki mwaka 1977, yeye na mtoto waliyekuwa wakimngojea, siku moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, Protase alikuwa Bugomora akiezeka kanisa vita vya Amin vilipoanza. Barabara zikajaa askari, magari yakachukuliwa na jeshi, na aliyekuwa Bugomora akabaki Bugomora. Baba yao akafa Desemba. Egbert, kaka yake mkubwa, akamzika bila kumngoja, maana wakati ule nani angeweza kungoja. Januari Protase alipofika alikuta kaburi limeshaota majani na kibanja cha baba, shamba lake la migomba, kimeshagawanywa. Mlamula, ule mti tunaoupanda mpakani, ulikuwa umesogea hatua sita kuingia upande wake.

Egbert alisema mzee mwenyewe ndiye aliyeelekeza upandwe pale kabla ya kukata roho. Protase akasema hakuna aliyemuuliza yeye. Wakatoleana maneno mbele ya watu waliokuja kuhani, na tangu siku hiyo Protase akaacha kumpa kaka yake shikamoo. Kwetu hilo si jambo dogo. Mdogo anaweza kumchukia kaka yake rohoni mpaka anazeeka, lakini salamu humpa. Nyumba zao zinaonana. Nimewahi kuhesabu siku moja nikimrudishia mke wa Egbert ungo wake: kutoka mlango wa Protase hadi mlango wa Egbert ni hatua mia mbili, tena hazitimii.

Basi mtu huyo alikaa peke yake. Alijipikia ndizi zake mwenyewe, akala akiwa amesimama, akafua nguo zake Jumamosi mtoni pamoja na wasichana. Watu walimwendea wakihitaji mlango au jeneza, wakamwita fundi, wakachukua kitu chao wakaondoka. Rubisi hanywi, kwa hiyo hata vilabuni hakuwa na pa kukaa.

Darasa lilikuja mwaka 1982. Madarasa ya watu wazima tulishayazoea, serikali ilikuwa imetupitisha wote kwenye ngumbaru, na mama mkwe wangu alikuwa ametundika ukutani cheti cha kujua kuandika jina lake. Lakini ngumbaru ya Kifaransa hatukuwahi kuisikia. Ilitokana na lori lililokuwa linakwenda Burundi likaharibikia Omurushaka. Mizigo ilipakuliwa ikawekwa kwenye ghala la mtu, mwenye mizigo akaja akachukua, akaacha maboksi manne. Mwaka ukapita. Padre Anselmi, mzungu wa Kanada aliyekuwa akija kigangoni kwetu mara mbili kwa mwezi, alipoyafungua alikuta vitabu vya kuwafundisha watu wazima Kifaransa. Kulikuwa na kitabu cha kwanza kwa wanaoanza, cha pili kwa waliosogea, na cha tatu kwa waliofika mbali, chenye herufi ndogondogo na hakina picha hata moja. Padre hakutaka vioze. Akaandika barua kwa wenyewe, wakamjibu avitumie.

Mwalimu alipatikana hapo hapo, na ndipo tuliposhangaa. Alikuwa Kantengwa, mmoja wa Wanyarwanda waliovuka kuja kwetu mwaka 1961. Mumewe aliuawa kabla hawajaufikia mto, akavuka na shangazi yake, bibi Nyirabageni, na tangu hapo walikaa wawili kwenye nyumba ndogo nyuma ya kigango wakilima maharage na kufanya vibarua kwenye kahawa za watu. Hata mimi nilishamwajiri kupalilia. Mikono yake ilikuwa na sugu za jembe kama yangu. Kumbe alisomeshwa na masista hadi akawa mwalimu, na lugha nzima alikuwa nayo kichwani, ameinyamazia miaka ishirini kwa kukosa wa kusema naye.

Padre akamwagiza Protase atengeneze mabenchi kumi na mawili. Siku ya kufungua alikuja nayo, akayapanga, kisha akakaa kwenye lile la nyuma kuangalia kama linayumba. Hakuinuka kwenye benchi hilo kwa miaka tisa.

Nilikuwepo. Tulikuwa ishirini na sita, kila mtu na lake. Mimi nilifuata daftari la bure, kwa sababu Jovitha wangu alikuwa ameanza shule na hana la kuandikia. Kantengwa aliingia amevaa gauni jeupe na viatu, na sisi hatukuwahi kumwona na viatu. Akatusalimu kwa Kifaransa, kisha akaanza kutuita mmoja mmoja: Madame Kokugonza, Monsieur Polikarpi, Monsieur Protase, na sisi tukasikia Mesye. Tulicheka mpaka machozi. Mimi madame, na miguu yangu ina udongo wa shambani. Protase peke yake hakucheka. Alisimama wima alipoitwa, akashika kofia yake mkononi, na akabaki amesimama hata baada ya jina la mwingine kuitwa.

Mimi niliacha baada ya wiki sita. Kile Kifaransa kinataka utoe sauti puani, na mume wangu aliniuliza kama nina mafua. Wengine waliendelea. Mtihani wa kitabu cha kwanza walifaulu kumi na mmoja. Wa kitabu cha pili, mwaka 1985, wakafaulu watano, na kila watu walipopungua shule ya msingi ilikuja kuchukua benchi moja au mawili. Kufikia mwaka 1987 walibaki wawili, Protase na Polikarpi. Polikarpi naye alisoma ili apate kuendesha malori ya Kigali. Akayapata, akaaga, na benchi likabaki moja na mtu mmoja juu yake.

Padre alitaka kulifunga darasa. Kantengwa ndiye aliyesema mwanafunzi mmoja naye ni mwanafunzi. Lakini mwanamke mjane na mwanaume mjane kukaa chumba kimoja si jambo la kuachwa hivi hivi, kwa hiyo mlango uliachwa wazi, na bibi Nyirabageni akaweka mkeka kizingitini, akawa anapukuchua maharage wao wakisoma. Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi jioni. Ikafika mahali bibi akawa anarekebisha Kifaransa cha Protase bila kuinua macho kwenye ungo wake.

Nilimwona akibadilika. Saa tisa na nusu alifunga karakana, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akapita mlangoni kwangu na madaftari kwapani. Nilimtania kila mara. "Mesye, leo mnasoma nini?" Alijibu kwa ufupi na kupita. Mara moja tu ndiyo alisimama. Aliniita shemeji, kama anavyoniita siku zote kwa ajili ya urafiki wake na mume wangu, akasema, "Shemeji, wiki nzima sauti yangu naisikia siku mbili tu." Halafu akaenda zake. Nilibaki na ufagio mkononi, nikafagia mahali nilipokuwa nimeshafagia.

Na Kantengwa naye aliniuliza jambo. Tulikuwa kisimani, tunangoja madebe yajae. "Mama Jovitha, yule mwanafunzi wangu hana watu wake?" Nikamjibu, "Anaye kaka. Ila ni kama hana." Akatazama maji yakiingia kwenye debe mpaka yakamwagika, akajitwisha, akaondoka. Nilidhani ameuliza kwa kupitisha muda.

Mwaka 1988 ukaja mtihani wa kitabu cha tatu, ule wa mwisho. Desturi ya darasa ilikuwa kwamba anayefaulu anapewa cheti chenye mhuri wa misheni na anaondoka. Na huyu alikuwa mmoja. Akifaulu, mlango unafungwa. Kila mtu alijua atapita, kwa sababu wakati huo alikuwa akisoma magazeti ya kizamani ya Padre na kucheka peke yake karakanani. Akafeli. Mwaka 1989 akafeli tena. Padre akasema labda umri umemfikia. Mimi nilimwendea karakanani nikamuuliza uso kwa uso: "Shemeji, unafeli kwa makusudi?"

Alikuwa akipiga randa. Akasema, "Nikifaulu, Jumanne nitakwenda wapi?"

Nikakaa juu ya ubao, nikaona sasa tuzungumze kama watu wazima. Nikamwambia, "Unampenda mwalimu. Huna mke, hana mume, wote mnasali. Kamwoe." Akauliza, "Nani aende?" Na hapo alikuwa amesema kweli. Kwetu mtu hajiposei. Lazima watoke watu nyumbani kwenu, wavae kanzu na koti, wafike kwa wenyewe, wakaribishwe, wapewe akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna ambazo bila hizo mgeni hajawa mgeni. Hapo ndipo waanze kuzungukazunguka mpaka walifikie neno. Mtu akijipeleka mwenyewe, hajaposa, amefanya mzaha, na mwanamke mwenye akili zake hana jibu la kumpa. Na wa kwanza kutumwa ni kaka mkubwa.

"Nenda kwa Egbert," nikamwambia. "Mpe shikamoo yake, basi, yaishe."

"Kwa Egbert siendi." Akarudi kwenye randa, na akapiga randa ile hata baada ya ubao kuwa laini.

Sasa niseme na la kwangu. Ningeweza kumtuma mume wangu. Mume wangu ni mtu anayeheshimika, na kama angevaa kanzu akafika kwa bibi Nyirabageni, angepokelewa. Sikulisema. Nilijiambia kuwa nikimrahisishia hatapatana na kaka yake maisha, na mimi nilitaka kumshinda. Nilikuwa na hasira naye. Mtu anakubali kujifunza vitenzi vyote vile, vinavyobadilika kila unapovigusa, lakini hawezi kusema neno moja ambalo mtoto wa miaka miwili analisema.

Mwaka 1991 Padre akapata habari kwamba anarudi kwao. Akatangaza mtihani wa mwisho, na kwamba safari hii, afaulu au afeli, darasa linafungwa. Basi Protase hakuwa na cha kuokoa tena kwa kufeli. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, baadaye, wakati yalipokuwa hayana faida tena.

Alisema katika kitabu cha tatu, karibu na mwisho, kulikuwa na hadithi ya mwanaume aliyekutana na mwanamke kwenye daraja, akamwomba wafunge ndoa. Alimwomba mwenyewe, amesimama. Hakukuwa na mjomba, wala kaka, wala kanzu, wala akamwani. Mwanamke akakubali, wakaenda kunywa kahawa ya kikombe. Protase aliisoma hadithi hiyo mara nyingi. Akaona kumbe ameshafika mahali ambapo Egbert hahitajiki. Kwa Kinyambo, lugha yetu, alikuwa mdogo wa mtu. Kwa Kifaransa hakuwa na kaka.

Swali la mwisho la mtihani lilikuwa kuandika barua ya kuomba kitu. Watu huandika kuomba kazi. Yeye aliandika kwa Kantengwa. Nilimwomba anisomee kwa lugha yetu, akaisema kwa kichwa akitazama pembeni. Alikuwa ameandika kwamba nyumba yake ina vyumba vitatu na anatumia kimoja. Kwamba ametengeneza kitanda kipya cha mvule na hajakilalia. Kwamba akisikia mlango wa karakana unagongwa huwa anatumaini ni mwalimu wake, ingawa anajua si yeye, kwa sababu yeye hana haja ya mlango wala meza. Kwamba bibi Nyirabageni aje pia, atamtengenezea kiti chenye mgongo apukuchulie maharage vizuri. Na mwisho, kwamba anaomba ajibiwe.

Kantengwa alikusanya daftari, akalirudisha Ijumaa. Alikuwa amesahihisha makosa yote kwa kalamu nyekundu, moja baada ya jingine. Chini akaandika kumi na saba kwa ishirini, na neno moja: vizuri. Protase alifungua kila ukurasa kutafuta neno jingine. Akatazama jalada, ndani na nje. Hakukuwa na kitu.

Cheti alipewa kanisani baada ya misa, watu wakapiga makofi. Kantengwa alimpa mkono kwa mikono miwili, akamwita Monsieur mbele ya watu wote. Yeye akainama, akashukuru, akatoka. Jioni akalibeba lile benchi la mwisho kichwani hadi kwake. Hakurudi kigangoni siku ya kazi tena, na Jumapili alikaa upande wa wanaume, nyuma kabisa, akatoka kabla ya baraka.

Jumapili iliyofuata nilipita nyuma ya kigango nikaona ua wa kina Kantengwa umefagiwa mpaka unang'aa. Ndani wametandaza nyasi mpya sakafuni, kama tunavyofanya siku ya wageni. Bibi Nyirabageni amekaa mlangoni na kikapu kidogo cha akamwani mapajani, na Kantengwa amevaa gauni lake jeupe na viatu. Nikawatania. "Mnamngoja askofu?" Bibi akanijibu, "Tunangoja wageni, mwanangu." Jumapili ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Ya nne nilikuta ua haujafagiwa, na Kantengwa anapalilia maharage peku, Jumapili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikapita. Mimi, ninayejivunia kujua kila linalotokea Kiruruma, nilipita na mzigo wangu wa kuni.

Miaka mitatu wakakaa hivyo. Walikutana njiani, wakasalimiana kwa Kifaransa maneno mawili matatu, kila mmoja akashika njia yake. Protase alizeeka haraka. Alianza kuacha taa ikiwaka mchana.

Mwaka 1994 mambo ya Rwanda yalipotokea, nchi yetu ilijaa watu waliokimbia kuja huku, na wale waliokimbia zamani wakaanza kufungasha kurudi. Novemba ndugu wa Kantengwa waliokuwa Kyerwa wakapata nafasi kwenye lori, wakamtumia habari. Litaondoka Omurushaka Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Jumatano mchana alikuja kuniaga. Aliniletea mbegu za maharage yake na ule ungo wa bibi, akakaa, nikampa maji. Alizungumza Kinyambo chake kile kile cha miaka yote, polepole.

"Mama Jovitha, nakuuliza jambo kabla sijaondoka. Yule mwanafunzi aliniandikia barua ndani ya mtihani. Ilikuwa ya kweli?"

Nikamwambia sijui barua yoyote, na kweli wakati huo nilikuwa sijui. Akanieleza. Akasema, "Nilisahihisha kwa sababu ulikuwa mtihani, na mimi ni mwalimu. Nikajiambia, kama ni kweli, watakuja watu. Tukatandaza nyasi Jumapili tatu. Hakuja mtu. Nikajua yalikuwa maneno ya darasani."

Nilishika kichwa. "Mwalimu, kwa nini hukuniambia? Ningemtuma mume wangu siku ile ile."

"Mwanamke ajitafutie mshenga?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alinywa maji yake, akarudisha kikombe, akanikumbatia, akaenda kumalizia kufunga mizigo.

Nilivuka njia mbio, mimi na umri wangu. Protase alikuwa ameketi kwenye lile benchi, nje ya karakana. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: nyasi, kikapu, gauni, Jumapili tatu, lori la kesho. Sikumwonea huruma, nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kofia yake mkononi, akaanza kutembea kuelekea kwa Egbert.

Nilimfuata kwa mbali, sitadanganya. Alifika kwenye mlamula akasimama. Alisimama muda mrefu hivi kwamba niliona jua limeshuka kwenye migomba. Mara mbili aligeuka kurudi, na mara mbili akageuka tena. Saa hizo zilizopotea pale ndizo ninazozikumbuka zaidi, kwa sababu mchana ulikuwa bado upo, na bibi Nyirabageni alikuwa bado nyumbani kwake. Mwishowe akavuka. Egbert alikuwa uani akianika kahawa.

"Shikamoo, kaka," Protase akasema.

Egbert akaweka chini kijiti cha kugeuzia kahawa. Ilikuwa miaka kumi na tano na miezi kumi. "Marahaba," akajibu. "Ingia."

Waliyozungumza ndani sikuyasikia, lakini giza lilikuwa limeshaingia walipomaliza, na kwenda kuposa usiku haiwezekani kwetu. Wakakubaliana watoke alfajiri, wamkute bibi kabla hajapanda lori, waseme neno lao hapo hapo, hata kama si nyumbani. Egbert alivaa kanzu yake ya harusi na koti, akachukua fimbo. Mkewe alifunga akamwani kwenye jani la mgomba, maana kina bibi, wakiwa safarini, hawatakuwa na kikapu. Walipita mlangoni kwangu bado kuna umande, mmoja mbele, mmoja nyuma, na sikuwahi kuwaona hivyo tangu walipokuwa vijana.

Lori lilikuwa limeondoka. Ndugu wa Kyerwa walikuwa wamefika mapema, dereva akaona hana cha kungoja, akawasha gari saa kumi na moja na nusu. Pale stendi Omurushaka kulikuwa na wauza chai, na kipande cha kamba kilichokatika kwenye mizigo ya watu. Protase alisimama katikati ya barabara kuelekea kule lilikokwenda, mpaka basi la Bukoba likampigia honi.

Aliponisimulia, aliniambia na alichoambiwa na Egbert. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, Egbert akafungua lile jani, akampa akamwani, naye akachukua, wakatafuna wote wawili. Egbert akasema, "Ungeniambia mwaka ule, ningekwenda."

Protase akamwuliza, "Hata na yale maneno tuliyotupiana?"

"Ningekwenda siku ile ile," Egbert akasema. "Nilikuwa nakungoja uje."

Ni hayo tu. Wakarudi kwa miguu. Siku hizi Jumapili Protase anakula kwa Egbert, na watoto wa Egbert wanamwita baba mdogo. Mlamula upo pale pale ulipokuwa, hakuna aliyeugusa. Barua kutoka Rwanda haijafika, na majina ya wenye barua husomwa kila Jumapili baada ya misa, naye husimama akasikiliza hadi jina la mwisho. Yeye pia hajaandika, maana hajui aandike kwenda wapi.

Mwaka 1995 watu wa misaada walikuja na gari hadi kigangoni, wanatafuta anayejua Kifaransa awatafsirie kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa wa kwanza kuwaonyesha karakana. Nikasema huyu ana cheti, amesoma vitabu vyote vitatu. Mzungu mmoja akashuka, akamsalimu kwa Kifaransa. Protase alimtazama, akamjibu kwa Kiswahili, "Mimi ni seremala." Akarudi ndani.

Namlaumu, na mimi najilaumu. Nilikuwa ng'ambo ya njia. Nilikiona kikapu mara tatu, nikatania mara tatu.

Jumanne na Ijumaa, saa tisa na nusu, bado anafunga karakana. Anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa kwenye benchi lake mpaka jua linazama. Nikipita namsalimu, ananijibu. Haendi mahali.